Mbwa Akiyumba, Mchezo Uishe

Mimi ni daktari wa mifugo, na maneno haya niliyasema Arusha siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, mbele ya wenye mbwa, walinzi na vijana waliokuwa kwenye foleni. Wengi hawakuweza kufika kwa sababu ya kazi, nao wameomba yaandikwe. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wengine wote, habari za asubuhi. Na nyinyi watoto mlioshika kamba kwa mikono miwili, asanteni kwa kuwaleta mbwa wenu wenyewe. Kabla sijasema lolote: mwenye mbwa anayehema sana asogee chini ya ule mwembe, maji yako kwenye karai. Usione haya kuinuka wakati naongea. Mbwa kwanza, hotuba itakusubiri.

Leo tumekusanyika kwa ajili ya kichaa cha mbwa, na chanjo ndiyo kazi kubwa ya siku. Lakini nimeomba muda nizungumzie mbwa mwingine. Mbwa asiye na kichaa, ambaye hakula sumu wala hakurogwa. Mbwa kijana, manyoya yanang'aa, anakimbia kama mshale, halafu ghafla miguu ya nyuma inamkataa mbele ya macho yenu. Nani hapa amewahi kumwona mbwa wa namna hiyo? Naomba mikono. Mmoja, wawili, watano, yule mama kule nyuma, sita. Basi tuko pamoja.

Niwaambie habari za Makaa.

Makaa alikuwa Labrador mweusi, dume, wa miezi kumi na minne. Aliishi na familia moja hapa mjini. Jumapili moja saa kumi jioni watoto wa nyumba ile walikuwa na wageni, binamu zao kutoka Moshi, na mpira wa tenisi. Mnawajua malabrador na mpira. Akarushiwa, akaleta. Akarushiwa, akaleta. Dakika kumi hivi. Kisha mtoto mmoja akaona kitu: miguu ya nyuma ya Makaa ilikuwa inapishana, wa kulia unaingia kushoto, wa kushoto unaingia kulia, na kiuno kinayumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Miguu ya mbele bado inakimbia! Mpira bado mdomoni! Hakulia, hakuonyesha kuumia popote. Alikuja hadi miguuni pa watoto, akaudondosha mpira, akawaangalia. Anataka tena. Watoto wakacheka, wakarusha tena.

Safari ile hakurudi. Aliufikia mpira, akakaa, akalala ubavu. Akajaribu kuinuka: mbele kukasimama, nyuma kukakataa. Mate yanamtoka, ulimi uko nje, mwekundu kabisa. Jirani aliyechungulia juu ya ukuta akapiga kelele, "Ana kichaa huyo! Watoeni watoto!" Haikupita muda kulikuwa na watu sita getini. Mmoja ana panga. Mwingine ameshika tofali.

Aliyemwokoa Makaa siku ile alikuwa mlinzi, mzee ambaye jina lake silitaji kwa sababu hakuniruhusu. Aliwaingiza watoto ndani. Alifunga geti. Akawaambia wale watu, "Ngojeni. Mbwa huyu nimempeleka mimi mwenyewe kuchanjwa, kadi iko kibandani kwangu." Akachukua dumu la maji, akammwagia taratibu tumboni na mapajani kwa umbali wa mkono, kisha akarudi nyuma akasimama anaangalia saa yake. Dakika ishirini. Baada ya dakika ishirini Makaa aliinuka, akajikung'uta maji, akaenda kuutafuta mpira chini ya maua.

Nami nilifika kama dakika kumi baadaye, na mkoba wangu. Nikamkuta mbwa mzima. Nikamsikiliza moyo, sawa. Nikamtazama fizi, za waridi. Nikampima joto, limepanda lakini linashuka. Nikawaambia wenye nyumba, "Ni joto tu. Mpeni maji, kesho apumzike."

Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu maneno hayo ndiyo yaliyonileta mbele yenu leo. Ni joto tu. Wiki tatu baadaye Makaa alirushiwa mpira tena. Miguu ikapishana tena. Watoto hawakuogopa, daktari alikwisha sema ni joto tu. Wakarusha mara mbili zaidi. Makaa akalala, na safari ile hakuinuka.

Binti wa nyumba ile, mtoto wa miaka tisa, aliniuliza swali moja tu. "Daktari, mbona siku ile kulikuwa na mawingu?"

Kulikuwa na mawingu. Kulikuwa na upepo. Sikuwa na jibu la kumpa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta.

Sasa niwaeleze nilichokipata. Kuna ugonjwa unaitwa kuanguka baada ya mazoezi. Wataalamu huufupisha EIC, herufi za jina lake la Kiingereza, exercise-induced collapse. Ni wa kurithi. Umejulikana zaidi kwa malabrador, ingawa uko pia kwa mbwa kama Chesapeake Bay Retriever, Curly-Coated Retriever, Boykin Spaniel na hata yule mfupi wa Pembroke Welsh Corgi. Mbwa mwenye ugonjwa huu ukimwona amelala sebuleni hutajua. Anakula, anacheza, anabweka, misuli imejaa. Ukimpima damu akiwa ametulia, majibu ni mazuri. Anaweza kutembea nawe asubuhi kilomita nyingi asichoke.

Sasa mpe mbio kali zenye msisimko. Si mbio tu, jamani, mbio na msisimko. Mpira, ndege anayeruka, mbwa wenzake wanaofukuzana, watoto wanaopiga kelele. Baada ya dakika 5 hadi 15 za hali hiyo, miguu ya nyuma inalegea. Kwa wengine inaishia hapo. Kwa wengine inapanda hadi ya mbele. Na hili ndilo nililokuwa silijui wakati wa Makaa: hata ukimsimamisha, anaweza kuendelea kuzidiwa kwa dakika 3 hadi 5 ndipo aanze kupata nafuu. Yaani hali unayoiona unaposema "amechoka kidogo" si mwisho wake. Bado inakuja. Wengi hupona kabisa ndani ya dakika 5 hadi 25, na kesho yake hawachechemei wala hawakakamai. Wachache hufa, na mara nyingi ni wale ambao mchezo uliendelea baada ya kuyumba.

Kwa nini ni mbwa vijana? Kwa kawaida mwenye mbwa huiona mara ya kwanza kati ya umri wa miezi 5 na miaka 3. Ni wakati gani mbwa huanza kufundishwa kazi, kurushiwa mpira, kukimbizwa bila kizuizi? Ni wakati huo huo. Ugonjwa alizaliwa nao, akakua nao, akawa nao siku ulipomnunua. Ulikuwa unasubiri mpira.

Na kwa nini ni mbwa wenye bidii? Kwa sababu mvivu hujisimamisha mwenyewe. Mbwa mwenye moyo hajisimamishi. Nimewahi kumkuta mkufunzi mmoja anampiga mbwa fimbo za kiuno kwa sababu "anajifanya amechoka". Mbwa yule alikuwa anajikokota kwa miguu ya mbele kumfuata mkufunzi wake, ampe kile alichotumwa. Niliichukua ile fimbo mkononi mwake. Sikumwomba. Mbwa akiyumba hafanyi hila, ndugu zangu. Mbwa hajui hila ya namna hiyo.

Sasa ndani ya mwili kunatokea nini? Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu ni jambo zuri mno kulipita haraka.

Mfikirieni mama muuza uji pale stendi asubuhi. Sufuria imejaa uji, wateja wapo, ana vikombe kumi na kijana mmoja wa kuviosha. Mteja anakunywa, kikombe kinarudi, kinaoshwa, kinajazwa tena. Wateja wakija mmoja mmoja, hakuna shida. Sasa basi la Singida limeingia, watu sitini wanashuka kwa pamoja, kila mtu anataka uji sasa hivi. Kijana wa kuosha akiwa mwepesi, biashara inakwenda. Kijana akiwa mzito, na joto la jiko linamzidi, itakuwaje? Uji upo. Wateja wapo. Mama yupo na kata yake mkononi. Vikombe vimekwisha. Biashara imesimama.

Mshipa wa fahamu unazungumza na msuli hivyo hivyo. Unatuma ujumbe ndani ya vifuko vidogo sana, vidogo hata macho ya kawaida hayavioni. Kifuko kikishamwaga ujumbe wake, lazima kivutwe ndani, kikatwe, kitengenezwe upya, kitumike tena. Kazi ya kukikata hufanywa na protini inayoitwa dainamini. Huyo ndiye kijana wetu wa vikombe. Mbwa wa EIC ana dainamini yenye kasoro. Akitembea, wateja ni mmoja mmoja, inatosha. Akikimbia kwa msisimko na mwili ukapata joto, basi la Singida limeingia. Ujumbe hauendi, mguu haupokei amri. Akipumzika, vikombe vinaoshwa, mguu unarudi. Ndiyo maana nilipofika na mkoba wangu sikuona kitu. Nilifika basi limeshaondoka.

Na mnajua nani waliotangulia kutuonyesha jambo hili? Vile vidudu vidogo vinavyozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Vancouver, Kanada, David Suzuki na wenzake walipata aina ya inzi hao wa matunda waliokuwa wazima kabisa kwenye ubaridi. Ukipandisha joto la chupa, wote wanaanguka chini wamepooza. Ukishusha joto, wanaruka tena kama hakuna kilichotokea. Wakawaita kwa neno la Kijapani, shibire, maana yake kupooza au kufa ganzi. Baadaye ikajulikana kwamba kasoro ya wale inzi iko kwenye dainamini. Inzi wa ndizi mbivu! Kisha mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, akina Ned Patterson na James Mickelson, wakishirikiana na Susan Taylor wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Kanada, aliyekuwa amewachunguza malabrador wanaoanguka kwa miaka mingi, wakatangaza kwamba kasoro ya mbwa hao iko kwenye jeni, yaani maelekezo ya kurithi, ya kutengeneza dainamini hiyo hiyo. Kutoka mwaka huo kipimo kipo. Unasugua ndani ya shavu la mbwa kwa kijiti cha pamba, au unatoa damu kidogo, unatuma maabara, jibu linarudi.

Makaa alikuwa ameshazikwa. Lakini alikuwa na dada yake, wa uzao mmoja, anaitwa Tunda, anaishi Usa River. Nikampigia mwenye Tunda. Akanyamaza kwenye simu, kisha akasema, "Daktari, Tunda naye hulegea. Tulidhani ni tabia yake."

Siku niliyokwenda kuchukua kipimo nilikuta watoto wameshamkimbiza. Sikukusudia kabisa kumwona katika hali hiyo, wala sipendekezi mtu amchoshe mbwa ili aone. Lakini alikuwa hivyo tayari, amekaa kama chura, miguu ya nyuma imetawanyika, anayumbisha mkia. Nikapiga magoti. Nikamlaza ubavu, nikashika paja kwa mkono wa kushoto, nikagonga kano iliyo chini kidogo ya kifuniko cha goti. Kwa mbwa mzima mguu huruka wenyewe, kama wako unavyoruka hospitali ukigongwa na kinyundo. Mguu wa Tunda haukuruka. Nikagonga tena. Kimya. Msuli laini, haujakakamaa, haumuumi, macho yananitazama na kunitambua. Nikamwagia maji, nikakaa naye chini ya mgomba. Alipoweza kusimama nikangoja kidogo, nikagonga tena. Mguu ukaruka. Nilifurahi hadi mwenye nyumba akanishangaa.

Majibu yalirudi: Tunda ana nakala mbili za jeni lenye kasoro. Nikaenda kwa yule binti wa miaka tisa. Kwanza nikamwomba radhi. Kisha nikamweleza habari za uji na vikombe. Alielewa kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwafundisha.

Sasa, ndugu zangu, nina hofu moja. Nina hofu kwamba mtatoka hapa na kila mbwa anayeanguka mtamwita EIC. Msifanye hivyo. Nilikosea kwa kusema "ni joto tu", sitaki nanyi mkosee kwa kusema "ni EIC tu".

Joto lenyewe linaua, na linaua zaidi ya EIC. Mbwa hatoi jasho kama sisi, hujipooza kwa kuhema. Wenye mbwa wa ulinzi mnaowafundisha saa saba mchana kwenye sakafu ya zege, nawasema nyinyi. Tofauti ni ipi? Mbwa aliyepigwa na joto akili yake huondoka: hakutambui, anatapika, anaweza kuhara damu, anaweza kupata degedege, na hapati nafuu ndani ya dakika ishirini. Wa EIC mara nyingi bado anakuangalia na kukutambua. Msitegemee kipima joto peke yake. Mbwa aliyetulia huwa na nyuzi 38 na kitu, lakini Labrador aliyetoka kukimbia mchezo mkali anaweza kufika 41 na zaidi, mwenye EIC na asiye nayo, wote wawili. Kipima joto changu hakingeniambia lolote kuhusu Makaa hata kama ningefika mapema.

Kisha kuna kupe. Fungua mdomo wa mbwa wako, bonyeza ufizi kwa kidole, achia. Rangi irudi upesi. Ukikuta fizi nyeupe kama karatasi, au za manjano, na mkojo mweusi kama kahawa, hiyo ni homa ya kupe imeimaliza damu, mbwa hana cha kukimbilia. Huyo hahitaji kijiti cha pamba. Anahitaji daktari leo hii.

Wenye ndugu Tanga, Dar es Salaam, Mombasa, waambieni habari za minyoo ya moyo. Inaenezwa na mbu. Nilionyeshwa mbwa mmoja Tanga, kijana bado, alikuwa akikimbia hatua chache ufukweni anakohoa, anasimama, anaanguka. Mwenyewe aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba amevuta maji ya chumvi. Damu yake tuliiweka chini ya hadubini, na vijidudu vile vilikuwa vinajinyonganyonga kati ya chembe za damu kama nyoka kwenye mchele. Mbwa anayekohoa na kuanguka, fikirieni moyo na mapafu. Yapo pia magonjwa ya moyo ya kuzaliwa nayo, yapo ya sukari kushuka, yapo ya homoni, yapo ya misuli yenyewe. Mwenye German Shepherd au mbwa wetu wa kienyeji aanze kutafuta huko kabla ya kuiwaza EIC.

Na kichaa. Siwezi kusimama siku ya chanjo nikasema mbwa anayeyumba hana kichaa, maana wengine wanacho. Mbwa usiyemjua, au usiyekuwa na uhakika na chanjo yake, anayeburuta miguu na kutoka mate: usimguse, usimwekee mkono mdomoni ukidhani amekabwa na mfupa. Watoto ndani, geti lifungwe, wataalamu wa mifugo waitwe. Ukiumwa, au ukilambwa penye jeraha, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na hospitali siku hiyo hiyo, si kesho. Lakini jueni pia kwamba kichaa hakirudi nyuma. Mbwa ambaye kichaa kimeanza kumpooza hainuki baada ya dakika ishirini akaenda kutafuta mpira. Yule mzee mlinzi hakusoma udaktari wa mifugo. Alikuwa na vitu vitatu: kadi ya chanjo, geti lililofungwa na saa ya mkononi. Kwa vitu hivyo vitatu alifanya kazi bora kuliko yangu.

Basi ikitokea mbele yako ufanye nini? Mchezo uishe. Nasema tena: mchezo uishe. Si "mara moja ya mwisho". Hatua ya kwanza ya kuyumba, mpira uingie mfukoni, watoto wakae kimya, kwa sababu hata kelele zinamsisimua. Mpeleke kivulini, na kama hawezi kutembea mbebe au mburute kwenye turubai. Mmwagie maji tumboni, mapajani, kwapani, na mpepee. Msimfunike kanga mbichi mkaiacha hapo. Bila upepo inageuka kuwa blanketi. Maji ya kunywa mwekee mbele, asimwagiwe kooni akiwa amelala, atapaliwa. Kama amechanganyikiwa, anatapika au hapati nafuu, endelea kumpooza kwanza, kisha ndio apakiwe kwenye gari, na njiani aendelee kulowa na madirisha yawe wazi. Wengi huwapoteza mbwa kwa kuwakimbiza kliniki wakiwa wakavu kwenye buti la gari.

Halafu mtu mmoja ashike simu apige video. Mnacheka, lakini hakuna kitu kinachonisaidia kama hicho. Nikifika dakika ya thelathini nitakuta mbwa mzima, kama nilivyomkuta Makaa. Nionyeshe miguu ilivyokuwa inapishana. Nionyeshe macho. Niambie ilianza saa ngapi, aliinuka saa ngapi, alikuwa anafanya nini kabla. Na mwenye bwawa au anayekwenda ziwani, mbwa aliyewahi kulegea nchi kavu asiruhusiwe kuogelea. Akilegea majini atazama kimyakimya.

Limebaki la kuzalisha, nalo najua litawaudhi baadhi yenu. Nimekuja na maharage mfukoni. Haya ya njano ndiyo mazuri, haya mekundu ndiyo yenye kasoro. Kila mbwa ana maharage mawili, moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Mwenye mekundu mawili ndiye anayeweza kuanguka. Mwenye moja jekundu na moja la njano haanguki kwa ugonjwa huu. Anakimbia vizuri tu, anashinda mashindano, ana picha nzuri, na watu wanalipa pesa nyingi wampandishe majike yao. Na katika malabrador waliopimwa Amerika ya Kaskazini, kati ya asilimia 30 na 40 walikuwa hivyo, wabebaji. Si wachache.

Njoo kijana, shika mkono wa baba: moja jekundu, moja la njano. Na wewe binti, mkono wa mama: vivyo hivyo. Fumbeni macho, kila mmoja atoe moja. Mnaona? Njano na nyekundu: mbebaji. Rudieni. Nyekundu na nyekundu. Huyu ataanguka kama Makaa. Katika mfano huu baba mzima, mama mzima, mtoto anaanguka. Mkirudia mara nyingi sana, robo ya watoto watakuwa kama Makaa, nusu watakuwa wabebaji, robo watakuwa huru. Baba yake Makaa aliletwa kutoka nje na karatasi zake zote, nasaba vizazi vinne nyuma, na hakuna aliyemsugua shavu.

Sisemi muwaue wabebaji. Sisemi hata muwahasi wote, maana tutapoteza damu nyingi nzuri. Mbebaji akipandishwa kwa asiye na harage jekundu kabisa, hakuna mtoto hata mmoja atakayeanguka. Ninachosema ni kwamba usipandishe kabla ya kupima, na usimuuzie mtu mtoto wa mbwa huku unajua mama yake hulegea. Yule aliyeuza uzao wa Makaa alijua. Aliniambia mwenyewe kwamba jike lake "lilikuwa na mambo hayo". Familia nne zilinunua watoto wale. Nne.

Mtaniuliza, Tunda yuko wapi? Tunda ana miaka saba sasa. Hakuna dawa ya kuutoa ugonjwa huu, nasi hatukumpa yoyote. Mpira umetoka katika maisha yake. Asubuhi na jioni anatembezwa kwa kamba kandokando ya mashamba ya kahawa, taratibu, ananusa kila kijiti. Wageni wakija anafungiwa chumbani hadi furaha yake ishuke. Watoto wa nyumba ile wamejifunza kumfichia vitu badala ya kumrushia. Wanaficha soksi yenye kipande cha dagaa, wanamwambia tafuta, naye anatafuta kwa pua, polepole, hadi aipate. Hajaanguka kwa miaka minne.

Nimesema vya kutosha, na jua linapanda. Foleni ya chanjo ni hii ya kushoto, msimamizi wake ni huyu dada mwenye koti jeupe. Wenye malabrador wa chini ya miaka mitatu, na wote wanaotaka kuzalisha, pitieni kwanza kwenye meza yangu ya kulia. Nina vijiti vya pamba na bahasha. Mbwa asiwe amekula nusu saa kabla, kwa hiyo yule wa pale mwembeni anayemalizia chapati atakuwa wa mwisho.